Kivuli cha Mafiga, Dirisha la Kaskazini

Mwaka 1882 jarida la mimea la Curtis la jijini London lilichapisha mchoro wa ua jekundu lililotoka Zanzibar. Aliyelipeleka Kew ni John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar miaka mingi, na bingwa wa mimea Joseph Hooker akalipa jina la kitaalamu la Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani, ambaye wakati huo alikuwa Seyyid Barghash. Baadaye ilibainika kwamba ni ua lile lile ambalo Hooker mwenyewe alikwisha kulitaja mwaka 1868 kuwa Impatiens walleriana, kwa kumkumbuka mmisionari Horace Waller, na jina hilo la kwanza ndilo lililobaki. Kwao ni huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji: huota kando ya vijito, chini ya miti, penye ubichi usiokauka. Katika karne ya ishirini likawa miongoni mwa maua ya bustani yanayouzwa sana Marekani na Ulaya. Lakini jalidi ikilipata usiku mmoja tu, asubuhi limeloa na kuanguka. Kwa hiyo kila mwaka huanzishwa upya, kwa mbegu, ndani ya nyumba au kitalu nyumba, nje kukiwa bado na theluji.

Nimelitanguliza ua hili kwa sababu mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba kusia mbegu za maua ndani ni shughuli ya watu wenye baridi, na mtu wa Morogoro haimhusu. Inamhusu sana. Pakiti ya mbegu anayoinunua duka la pembejeo, au anayoletewa na ndugu aliyeko Ulaya, ina maelekezo nyuma: sia ndani wiki nane hadi kumi kabla ya jalidi ya mwisho. Hapa Mafiga, mjini Morogoro, hakuna jalidi, haijawahi kuwapo. Msomaji atayapuuza maelekezo hayo akamwaga mbegu kwenye jua la Februari, au, na hili ni baya zaidi, atayatii: ataweka trei chumbani, dirisha lenye pazia na wavu wa mbu, kisha ashangae miche inavyorefuka, inavyopauka na kulala chini ndani ya wiki mbili. Maelekezo hayana kosa. Yaliandikiwa adui mwingine.

Tuanze na adui huyo. London, mwishoni mwa Desemba, mchana haufiki saa nane. Kule Minneapolis, ambako Waafrika Mashariki wengi wamehamia, hatari ya jalidi huendelea hadi Mei. Mtu anayetaka maua yawe yamefunguka mwanzoni mwa Juni hawezi kusubiri ardhi ipate joto, kwa kuwa kiangazi chao ni kifupi na mmea unaoanzia ardhini mwezi wa Mei utachanua msimu ukikaribia kuisha. Basi huchukua kalenda, huweka alama kwenye tarehe ambayo kwa kawaida jalidi huwa imekoma, kisha huhesabu kurudi nyuma. Petunia na Impatiens wiki nane hadi kumi. Salvia wiki nane hivi. Marigoldi wiki sita. Zinia wiki nne, maana hukua upesi na haipendi kukaa kwenye trei.

Kisha huja kazi yenyewe, na ni kazi ya mikono midogo. Mbegu ya petunia ni vumbi. Haifukiwi, hubanwa tu juu ya mboji iliyolowa, kwa sababu inahitaji mwanga ili iote, na Impatiens nayo hivyo hivyo. Trei hufunikwa kwa plastiki angavu ili unyevu usipotee, huwekwa juu ya mkeka wa umeme unaopasha joto la nyuzi 22 au 24, na ikishaota hufunuliwa na kusogezwa chini ya taa, sentimita chache tu kutoka kwenye majani. Taa si anasa. Mwanga wa dirishani huja upande mmoja na ni hafifu, kwa hiyo mche huinama kuufuata na hujirefusha kabla shina halijapata nguvu. Watunza bustani wa huko huigeuza trei kila siku, na wengine huipitishia miche kiganja taratibu ili shina lizoee kutikiswa.

Haya hayakuanza na umeme. Plinio wa Roma ameandika kwamba Kaisari Tiberio alikuziwa matango kwenye vitanda vyenye magurudumu, yakitolewa juani na kurudishwa chini ya mawe angavu. Katika karne ya kumi na tisa wakulima wa mboga wa Paris walitandaza samadi mbichi ya farasi kwa kina, wakaweka udongo juu yake na kuufunika kwa kengele za kioo: samadi ikioza hutoa joto, na mche huamini kwamba Machi imekwisha kuwa Mei.

Sasa njoo Mafiga. Ni kata ya Manispaa ya Morogoro, si mbali na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ukisimama mahali pa wazi Milima ya Uluguru iko usoni pako. Mji huu uko chini, kama mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, lakini vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600. Mchana wa Mafiga hautofautiani mwaka mzima hata kwa saa moja. Joto la wastani ni kama nyuzi 24 au 25, yaani lile lile ambalo mwenzetu wa Minneapolis analilipia umeme. Hapa mbegu haikosi joto wala mwanga. Vinaizidi. Jua la saa saba mchana mwezi wa Februari huikausha ngozi ya juu ya udongo kabla kizizi cha kwanza hakijashuka, na mvua ya Aprili hupiga kwa matone mazito yanayochimbua mbegu na kuzikusanya kwenye kona moja ya tuta.

Kwa hiyo kitalu cha huku kinajengwa kinyume. Miti minne inachomekwa, mingine inalazwa juu, kisha hutandikwa nyasi au makuti: hicho ni kichanja. Tuta chini yake lina upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote bila kukanyaga. Udongo wa juu huchanganywa na samadi iliyooza na mchanga wa mto. Anayejua kazi hutandaza pumba za mpunga juu ya tuta na kuzichoma polepole kabla ya kusia, moto uue mbegu za magugu na vimelea vya kinyausi. Mbegu ndogo huchanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa ili zisambae sawasawa, hunyunyiziwa kwenye mifereji midogo iliyochorwa kwa kijiti, hufunikwa kwa nyasi nyepesi, na maji hupita kwenye kopo la bati lililotobolewa kwa msumari. Majivu huzungushwa kando, maana sisimizi wanaweza kuhamisha mstari mzima wa mbegu usiku mmoja.

Halafu kuna saa ya kufunua. Mbegu zikianza kuchungulia, nyasi lazima ziondoke, vinginevyo miche itajipinda chini yake. Mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara alinieleza hivi, huku akiendelea kujaza viriba: "Ondoa jioni, mwanangu. Ukiondoa saa sita, kesho huna kitu." Sentensi hiyo ina thamani sawa na ukurasa wowote wa kitabu cha bustani cha Kiingereza. Mche uliofunuliwa jioni una usiku mzima wa kuuzoea upepo na hewa kavu kabla jua halijaukuta.

Ukiviweka vitalu hivi viwili pamoja, taa na mkeka wa umeme huku, makuti na kopo lililotobolewa kule, utadhani vimetengana kabisa. Mimi naona vinaelekea mahali pamoja. Joto la nyuzi 22 au 24, unyevu usiokatika, hewa iliyotulia, mwanga uliochujwa usioteketeza: hiyo ni hali ya chini ya miti ya msitu wa mlimani. Wa kaskazini anaifikia kwa kuongeza, joto kwanza, mwanga baadaye, unyevu juu yake. Wa Mafiga anaifikia kwa kupunguza: anakata jua nusu, anavunja tone la mvua, anazuia upepo. Na msitu wenyewe hauko mbali, maana ukipanda kutoka mjini kuelekea Morningside, baada ya mashamba utaingia kwenye kivuli ambacho ndicho hasa vitalu vyote viwili vinakiiga.

Ushahidi mzuri zaidi ni ua ambalo Ulaya na Marekani wanaliita zambarau ya Afrika. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alilikuta Usambara mwaka 1892, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Jamaa zake wengine wanaota Uluguru, kwenye miamba yenye kivuli na ukungu. Katika miaka ya 1920 wakulima wa Los Angeles waliagiza mbegu zake kutoka Ujerumani na Uingereza, wakachagua aina chache bora, na kutoka hapo likaenea kwenye madirisha ya dunia nzima. Linaishi vizuri sebuleni Januari, wakati waridi halithubutu, kwa sababu sebule ile yenye joto la wastani na mwanga wa pembeni inafanana na ufa wa mwamba wa milima yetu. Lakini ukilitoa nje likae kwenye jua la Mafiga, litababuka kabla ya adhuhuri.

Tofauti kubwa iko mahali ambapo watu hawaitazamii: katika sababu ya kusia kwenyewe. Kaskazini wanasia kila mwaka kwa kuwa baridi inafuta kila kitu. Huku haifuti. Bougainvillea, hibiski, iksora na krotoni za Mafiga zina umri kuwapita watoto wa nyumba, na anayetaka nyingine hakati tamaa wala hanunui mbegu: anakata tawi, analichomeka kwenye kiriba, analiweka chini ya mwembe. Vitalu vyetu vingi vya maua vinaishi kwa vipandikizi. Ni njia rahisi, ya haraka, na inampa mnunuzi rangi ile ile aliyoiona kwa jirani. Kasoro yake ni hiyo hiyo. Mtaa mzima unakuwa na ua moja, na ugonjwa ukiingia unaingia kwa wote. Amerika Kaskazini waliliona hilo mwaka 2011 na 2012, pale ukungu wa majani ulipozimaliza Impatiens bustani baada ya bustani, kwa kuwa karibu zote hazikuweza kuuhimili. Waliozalisha aina zinazouhimili walihitaji miaka kadhaa. Mojawapo sasa inauzwa huko kwa jina la Imara. Mbegu huleta kile ambacho kipandikizi hakiwezi kuleta, mchanganyiko, na kwa hilo peke yake naamini Mafiga inapaswa kusia zaidi kuliko inavyosia.

Oman inasimama katikati ya wawili hawa, na jamaa zetu wengi wenye asili ya Zanzibar wanaishi huko. Muscat haina majira ya baridi ya kuua. Inayo majira ya joto ya kuua. Kwa hiyo kalenda imepinduka: mbegu za petunia husiwa mwishoni mwa joto, chini ya nyavu za kivuli, na kufikia Desemba na Januari kingo za barabara za Muscat zimejaa rangi, wakati ule ule ambapo London trei ni tupu. Huko wanahesabu kurudi nyuma kutoka siku joto linapovunjika.

Kila mahali basi kuna tarehe moja ambayo kalenda yote huning'inia juu yake. Ya Mafiga ni ipi? Wengi watajibu haraka: mwanzo wa masika, katikati ya Machi. Kwa mahindi na mpunga ni kweli. Kwa maua ya mbegu sikubaliani. Mche mchanga wa petunia uliopandwa bustanini wiki ya kwanza ya mvua hukutana na Aprili, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, na maua yanayofunguka ndani ya mvua hiyo huchanika na kuoza kwenye kikonyo. Msimu wa maua wa Morogoro ni kipupwe, Juni hadi Agosti, anga ikiwa safi, usiku una ubaridi, na petali inakaa siku nyingi bila kupauka. Tarehe yetu ni mwisho wa masika, wiki za mwisho za Mei. Masika yenyewe ndiyo wakati wa kuwa ndani. Na ndani ya hapa maana yake ni ukumbi wa mbele au baraza ya nyuma: chini ya bati linalozuia tone, pembeni mwa ukuta, mahali ambapo mwanga unaingia kutoka pande mbili au tatu. Baraza ya kawaida ya nyumba ya Mafiga mwezi wa Aprili ina joto, unyevu na mwanga ambao mtu wa Stockholm hawezi kuupata kwa bei yoyote.

Gharama ipo, nayo ni maji. Anayepanda mwanzo wa masika humwagiliwa na mbingu; anayepanda mwisho wa Mei atabeba ndoo mpaka vuli. Kwa nyumba inayonunua maji hilo si jambo dogo. Jibu langu ni kupanda eneo dogo na kutandaza nyasi kavu kuzunguka shina, kuliko kulima bustani nzima Machi na kuitazama ikilala kwenye tope.

Kuna jambo moja ambalo tamaduni zote tatu zinafanya bila kufundishana. Wiki moja au mbili kabla ya kuhamisha miche, mtu huanza kuitesa kidogo. Kaskazini hutolewa nje mchana kwa muda wa saa moja na kurudishwa ndani, kesho kwa saa mbili, keshokutwa nusu siku, mpaka ilale nje. Mafiga nyasi za kichanja hupunguzwa kidogo kidogo, na maji hupunguzwa pia, hadi shina linageuka kutoka kijani laini kuwa gumu lenye rangi ya zambarau chini. Ukishika mche uliokomazwa na usiokomazwa, vidole vinajua kabla ya macho. Mwanga wa huku una lake la ziada: mchana wa saa kumi na mbili huiambia marigoldi na kosmosi kwamba wakati wa kuchanua umefika, hata mmea ukiwa na majani machache. Kule juu mchana wa Juni wa saa kumi na sita huipa marigoldi muda wa kunenepa kwanza. Hapa inabidi kilele cha kwanza kikatwe kwa kucha, kitumba na vyote. Inauma, hasa kwa aliyekingoja, lakini matawi ya pembeni hujitokeza ndani ya siku chache.

Pale ambapo kaskazini wametuzidi kweli ni kwenye maandishi. Karel Čapek wa Prague alichapisha kitabu kizima mwaka 1929 cha mwaka wa mtunza bustani, mwezi kwa mwezi, na ndugu yake Josef akakichorea picha. Mbegu na vyungu vya dirishani vina nafasi yao humo. Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua anayeishi Vermont, alitoa kitabu chake cha bustani mwaka 1999, na ndani yake anasoma katalogi za mbegu wakati wa theluji huku akiuliza nani aliichukua mimea ya nchi za joto na kuipa majina mapya. Swali hilo lingeweza kuulizwa na mtu wa Uluguru kuhusu ua la Kirk. Fasihi yetu ina maua tele, asumini, waridi, kilua, mrehani, lakini kwa sehemu kubwa inayapokea yakiwa yamekwisha kufunguka, yananukia, yako kwenye nywele au kwenye kikuba. Malenga hajali kitalu. Na bwana shamba anayejali kitalu ameandika vipeperushi vizuri vya nyanya, kabichi na tumbaku, bila neno la petunia. Maarifa ya mbegu za maua yameanguka katikati ya hao wawili, yakabaki mikononi mwa akina mama na vijana wanaojaza viriba barabarani, ambao hakuna aliyewauliza waandike.

Hili linaniudhi, kwa sababu mzunguko wote unapita kwetu. Mwezi wa Januari ndege hubeba vipandikizi vya jerani na petunia kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia, vioteshwe mizizi kwenye vitalu nyumba vya Ulaya na kuuzwa majira ya kuchipua. Arusha huzalishwa mbegu za maua kwa ajili ya soko hilo hilo la Ulaya. Ua la kijito chetu huenda, hubadilishwa, huwekwa kwenye pakiti, na hurudi Morogoro na maelekezo ya jalidi.

Pakiti hiyo inahitaji karatasi moja ya ziada, ya Kiswahili, inayoweza kubandikwa kwenye mlango wa duka la pembejeo. Kwa Morogoro mjini: sia petunia na Impatiens katikati ya Machi, salvia mwisho wa Machi, marigoldi katikati ya Aprili, zinia mwisho wa Aprili, zote barazani chini ya bati, na zihamishwe mvua zikikatika Mei. Kwa Mgeta na vijiji vingine vya juu milimani Uluguru, ambako pichi na kabichi zinastawi, ubaridi wa Juni na Julai huchelewesha mbegu kuota, kwa hiyo tarehe ni nyingine: Agosti, miche ikingoja vuli. Wakulima wa Mgeta wana samadi ya mbuzi wa maziwa ambao ukoo wao uliletwa kutoka Norway katika miaka ya 1980 kupitia chuo cha Sokoine, na wana uzoefu wa vitalu vya mboga wa vizazi kadhaa. Wao ndio wa kuulizwa kwanza karatasi hiyo ikiandikwa, pamoja na yule mama wa viriba.